Transitiviti ya sarufi, ya hisabati, ya uchumi, ya hifadhidata: uchague ipi?

Neno la Kilatini transire maana yake ni kuvuka, kupita kwenda ng'ambo. Kutoka hapo taaluma nyingi zimechukua jina moja, transitiviti, na kila moja ikalivika maana yake. Mwalimu wa Kiswahili akilitaja anazungumzia yambwa ya kitenzi, yaani kile kinachotendwa. Wa hisabati anazungumzia vitu vitatu vilivyofuatana. Mchumi anazungumzia mtu anayechagua bila kujipinga, na mtengeneza hifadhidata anazungumzia kasoro ya kuondoa kwenye jedwali. Mwanafunzi wa chuo, awe Mtwara au Lindi, akizichanganya hizi katika utafiti wake anaishia kupima kitu kimoja kwa rula ya kitu kingine.

Njia ya haraka ya kuzitenga ni kuhesabu wahusika. Kivuko cha Msangamkuu kinatoka Mtwara mjini na kutua upande wa pili. Pande ni mbili, na kinachovuka kinaondoka huku kikafika kule. Uelekezi wa sarufi uko hivyo: tendo linatoka kwa mtenda na kumfikia mtendwa. Sasa chukua basi. Lipo gari la Mtwara hadi Masasi, na lipo la Masasi hadi Nachingwea. Je, Mtwara na Nachingwea zimeunganika? Hapo pande ni tatu, na kinachoulizwa ni kama uhusiano unamvuka aliye katikati. Fani karibu zote nje ya sarufi zinauliza swali hili la pili. Katika maandishi haya, la kwanza tuliite uelekezi na la pili tuliite uvukaji.

| Fani | Wahusika | Kinachoulizwa | Kipimo |
|---|---|---|---|
| Sarufi | 2, wakati mwingine 3 | Je, kitenzi kinadai yambwa? | Kiambishi cha yambwa. Kauli ya kutendwa |
| Hisabati na mantiki | 3 | A na B, B na C: je, lazima A na C? | Tafuta mfano mmoja wa kupinga |
| Uchumi na upigaji kura | Chaguo 3 au zaidi | Je, mpangilio unazunguka? | Linganisha mbili mbili, jozi zote |
| Hifadhidata | Safu 3 | Je, safu inategemea ufunguo kupitia safu nyingine? | Badilisha thamani moja, hesabu mistari inayoguswa |
| Takwimu na majaribio | Vipimo 3 | Je, kiungo cha kati kinatosha kulinganisha ncha mbili? | Mpaka wa chini wa uwiano. Usawa wa mazingira |

Sarufi: usiainishe mzizi, ainisha kitenzi kilicho katika sentensi

Kamusi za TUKI huweka alama ya ele kwa kitenzi elekezi na sie kwa kisichoelekezi. Alama hizo zinasaidia, ila Kiswahili kina viambishi vya kauli vinavyobadilisha hesabu ya wahusika mbele ya macho yako. Fuata kitenzi kimoja tu:

Maji yamechemka: mhusika 1.
Bibi amechemsha maji: wahusika 2.
Bibi amemchemshia mgeni maji: wahusika 3.
Maji yamechemshwa: anabaki 1, mtenda amefichwa.
Majirani wanachemshiana maji: wahusika 2, kwa sababu anayetendewa ameungana na mtenda.

Kauli ya kutendesha huongeza mmoja, na ya kutendea huongeza mmoja. Kauli za kutendwa, kutendeka na kutendana hupunguza mmoja. Ukiulizwa kama mzizi chem- ni elekezi, jibu la kweli ni kwamba swali halijakamilika. Kosa la kawaida katika kazi za wanafunzi ni kuorodhesha mizizi 50, kila mmoja ukapewa lebo moja, kisha sentensi za data zikakataa kutii lebo hizo.

Vipimo viwili vinatosha kwa kazi nyingi. Cha kwanza ni kiambishi cha yambwa: "Mama ameokota korosho" inakubali "Mama ameziokota". Cha pili ni kutendwa: "Korosho zimeokotwa na mama." Tumia vyote viwili, kwa sababu nomino inayofuata kitenzi inaweza kukudanganya. "Mzee amerudi Masasi" ina nomino baada ya kitenzi, lakini Masasi ni mahali, ni chagizo. "Mvuvi amekufa maji" nayo ina nomino, lakini huwezi kusema maji yamekufwa. "Amefariki dunia" vilevile: dunia haikutendwa lolote.

Hapohapo kuna jambo ambalo Kiswahili kinafanya kwa uzuri wa pekee. Kufa ni kitenzi kisichoelekezi kabisa, lakini "Amina amefiwa na baba yake" ni sentensi ya kutendwa. Imewezekanaje? Kauli ya kutendea imeongeza mhusika anayeguswa na kifo, kisha kauli ya kutendwa ikampandisha awe kiima. Anayedhani kutendwa kunathibitisha kwamba mzizi ni elekezi ataanguka hapa. Angalia kwanza kama kuna kiambishi cha kutendea katikati, ndipo uhukumu.

Kwenye yambwa mbili, kanuni ni kali. "Bibi alimpikia mgeni ugali" ina nafasi moja tu ya kiambishi, na anayeichukua ni mgeni. Kwa kutendwa, "Mgeni alipikiwa ugali" ni safi. "Ugali ulipikiwa mgeni" inakwenda kombo masikioni. Kuhusu majina, vitabu vingine husema yambwa tendewa na yambwa tendwa, vingine shamirisho kitondo na shamirisho kipozi. Chagua jozi moja, ishike mpaka ukurasa wa mwisho.

Uelekezi wa ndiyo au hapana haukutoshi ukichambua masimulizi au mazungumzo. Wanaisimu Paul Hopper na Sandra Thompson walipendekeza mwaka 1980 kwamba uelekezi una viwango, wakataja sifa 10 za kuupima: idadi ya washiriki, kama kuna mwendo, kama tendo limekamilika, kama ni la mara moja, kama mtenda alikusudia, na kadhalika hadi kiasi ambacho mtendwa ameathirika na jinsi anavyotambulika kipekee. Kwa kipimo hicho "Amemuua nyoka" iko juu sana, na "Anaogopa nyoka" iko chini, ingawa zote zina yambwa. Kiswahili kinaonyesha sifa ya mwisho waziwazi: "Nimenunua kitabu" ni kitabu chochote, "Nimekinunua kitabu" ni kile tunachokijua wewe na mimi.

Mwanaisimu Halliday naye alilipeleka neno mbali zaidi. Kwake transitiviti ni mfumo mzima wa sentensi kupanga mchakato, washiriki na mazingira, na michakato yenyewe ni sita: ya vitendo, ya akili, ya uhusiano, ya usemi, ya tabia na ya kuwapo. Linganisha vichwa viwili vya habari: "Bei ya korosho yashuka" na "Wanunuzi washusha bei ya korosho". Tofauti ni silabi moja, shuka na shusha, lakini katika cha kwanza hakuna aliyefanya lolote. Mkulima wa Tandahimba anayesoma kichwa cha kwanza hapewi mtu wa kumuuliza.

Basi uchague hivi. Utafiti wa mofolojia au wa kufundisha kauli za vitenzi: vipimo viwili vya mwanzo, na inatosha. Masimulizi na mazungumzo: viwango vya Hopper na Thompson, lakini punguza sifa ziwe zile unazoweza kuzihesabu bila ubishi, maana kusudio la mtenda mara nyingi halionekani katika matini. Habari na hotuba: Halliday. Kuchukua zote tatu katika tasnifu moja ni kujitafutia mzigo usiobebeka.

Hisabati na mantiki: neno zito ni "kila"

Uhusiano unavuka iwapo kila mara A anapohusiana na B, na B na C, lazima A ahusiane na C. Mfano mmoja wa kupinga unauangusha. Mifano 1,000 ya kukubali haiuthibitishi, mpaka utoe sababu.

Kilwa iko kaskazini ya Lindi, Lindi iko kaskazini ya Mtwara, basi Kilwa iko kaskazini ya Mtwara. Huu unavuka daima. "Ni mama mzazi wa" hauvuki kamwe: mama wa mama yako ni bibi yako. Katikati ya hao wawili kuna kundi kubwa ambalo wanafunzi hulisahau, la uhusiano unaovuka mara nyingine tu: anamfahamu, ni jirani wa, ni mtani wa. Utani unakwenda pande zote mbili, mimi mtani wako na wewe mtani wangu, lakini mtani wa mtani wangu anaweza asiwe na haki hata ya kunitania msibani. Kusema "hauvuki" bila kueleza kama ni kamwe au ni mara nyingine huzua makosa ya hoja hatua mbili mbele.

Mfano wa undugu una utajiri zaidi. Asha na Bakari wamechangia baba. Bakari na Chiku wamechangia mama. Asha na Chiku hawana mzazi wanayechangia, ingawa nyumbani wote wataitana ndugu. Kwa hiyo "kuchangia mzazi" hakuvuki. Lakini "kuchangia mama" kunavuka, na "kuchangia baba" kunavuka, kila kimoja peke yake. Sababu ni kwamba kila mtu ana mama mmoja tu na baba mmoja tu. Ukiunganisha masharti mawili kwa neno "au", uvukaji unavunjika. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa jadi walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na hesabu hiyo ina faida ya kimantiki: kila mtu anaangukia ukoo mmoja, na koo haziingiliani. Wanahisabati wanadai masharti matatu ili jambo hilo litokee: kila kitu kihusiane na nafsi yake, uhusiano uende na kurudi, na uvuke. Ukipoteza la tatu, huna tena makundi yaliyotengana. Una mtandao.

Sharti la tatu ndilo linalopotea kimyakimya panapotumika mizani. Tuseme mizani ya ghala haioni tofauti iliyo chini ya kilo 0.5. Gunia la kwanza lina kilo 80.0, la pili 80.4, la tatu 80.8. La kwanza na la pili mizani inasema sawa. La pili na la tatu, sawa. La kwanza na la tatu tofauti ni kilo 0.8, na mizani inaiona. "Sawa" ya mizani si sawa ya hisabati. Ndiyo maana ni kosa kukagua magunia kwa kulinganisha kila moja na lililotangulia. Linganisha yote na jiwe moja la kipimo, la sivyo makosa madogo yanajikusanya bila mtu kuyaona.

Wanajiolojia wana tatizo lilelile. Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, kina tabaka tatu zenye mifupa, na kati yake kuna mchanga wa baharini. "Iko chini ya" inavuka: ya chini iko chini ya ya kati, ya kati iko chini ya ya juu, mambo yamekwisha, almradi miamba haijapinduka. Lakini "ni ya zama moja na" kwa kulinganisha visukuku vya mahali hapa na vya bara jingine haivuki kwa uhakika, kwa kuwa kila ulinganisho una ukingo wa makosa, kama mizani.

Mara nyingine uhusiano hauvuki na wewe unataka uvuke. Tuseme magari ya moja kwa moja ni matatu tu: Mtwara hadi Mnazi Mmoja, Mnazi Mmoja hadi Masasi, Masasi hadi Nachingwea. Ukiongeza kila safari inayowezekana kwa kuunganisha, unapata tatu zaidi, jumla 6. Stephen Warshall alitoa mwaka 1962 njia ya kufanya hivyo kwa jedwali: chukua kituo kimoja kama cha katikati, kisha kwa kila mwanzo na kila mwisho uliza kama njia inapitia hapo, maliza, chukua kituo kingine. Vituo 4 vinadai ukaguzi 4 × 4 × 4, yaani 64. Wanaoandika programu hukosea mahali pamoja: kituo cha katikati lazima kiwe kitanzi (loop) cha nje kabisa. Kikiwekwa ndani, programu itakimbia bila malalamiko na baadhi ya njia zitakosekana. Kosa la namna hiyo linaudhi kuliko lile linalosimamisha kompyuta.

Maana nyingine ya hisabati itakutokea ukisoma makundi ya mageuzi ya maumbo, kama kuyazungusha: kundi ni transitivu iwapo kutoka nukta yoyote unaweza kufika nukta yoyote nyingine. Kuzungusha mraba kwa nyuzi 90 kunapeleka kona yoyote kwenye kona yoyote. Kwa nyuzi 180 peke yake haiwezekani. Usiichanganye na ya uhusiano. Ni jina tu limefanana.

Uchumi: kuchagua mbegu tatu

Wachumi hudhania kwamba anayependa A kuliko B, na B kuliko C, atapenda A kuliko C. Asipofanya hivyo anaweza kuzungushwa. Atalipa kidogo aachie C achukue B, atalipa tena achukue A, kisha atalipa aachie A arudie C. Amerudi alipoanza, pesa zimekwenda.

Mtu mwenye busara anaangukiaje huko? Anapopima kwa vigezo vingi. Tuseme kuna aina tatu za mbegu ya mkorosho na vigezo vitatu. Kwa mavuno: A, B, C. Kwa kustahimili ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho: B, C, A. Kwa ukubwa wa korosho: C, A, B. Ukilinganisha mbili mbili kwa wingi wa vigezo, A inaishinda B kwa 2 kati ya 3. B inaishinda C kwa 2 kati ya 3. C inaishinda A kwa 2 kati ya 3. Hakuna iliyo bora, na wala mpimaji hakukosea hesabu. Mwanahisabati Mfaransa Condorcet alionyesha mzunguko huu mwaka 1785 kwa wapiga kura, na kikao cha kijiji kinachochagua kati ya kisima, zahanati na barabara kinaweza kuingia humohumo. Anayepanga kura ipigwe kwanza kati ya zipi ndiye anayeamua mshindi.

Dawa yake ni kugeuza vigezo kuwa namba moja kabla ya kulinganisha: kila kigezo kipewe uzito, jumlisha, panga. Namba zinavuka, kwa hiyo mpangilio hauwezi kuzunguka. Gharama yake ni kwamba ubishi unahamia kwenye uzito, na huko ndiko unakostahili kuwa, hadharani, kabla ya matokeo kujulikana. Ligi ya mpira inafanya vivyo hivyo. Namungo kuifunga timu iliyomfunga bingwa hakumaanishi itamfunga bingwa, lakini pointi za msimu zinapangika bila utata.

Hifadhidata: hapa uvukaji ni wa kuondoa

Jedwali la mapokezi ya ghala lina safu nne: namba ya stakabadhi, AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), chama kikuu, kilo. Namba ya stakabadhi, ambayo ndiyo ufunguo wa jedwali, inakupa AMCOS. AMCOS inakupa chama kikuu: ya Newala au Tandahimba iko chini ya TANECU, ya Ruangwa, Nachingwea au Liwale chini ya RUNALI. Kwa hiyo chama kikuu kinategemea stakabadhi kwa kupitia AMCOS. Huo ni utegemezi unaovuka, na umbo la tatu la kawaida, kanuni ya kupanga majedwali aliyoiweka Edgar Codd mwanzoni mwa miaka ya 1970, linaukataza.

Madhara yanaonekana mapema. Stakabadhi 500 za AMCOS moja zinaandika jina la chama kikuu mara 500, na karani mmoja akiandika TANECU, mwingine Tanecu Ltd, ripoti inatoa vyama viwili. AMCOS mpya haiwezi kuingizwa mpaka ipate stakabadhi ya kwanza. Ukifuta stakabadhi za msimu uliopita, AMCOS iliyokuwa na moja tu inapotea pamoja na chama chake. Gawa majedwali mawili: la mapokezi libaki na namba, AMCOS na kilo, la pili liwe na AMCOS na chama kikuu. Unganisha wakati wa kutoa ripoti. Kipimo cha kujua kama umemaliza: badilisha chama kikuu cha AMCOS moja, uhesabu mistari iliyoguswa. Ikizidi 1, bado.

Takwimu na majaribio ya shambani

Uwiano, yaani namba kati ya −1 na 1 inayoonyesha jinsi vipimo viwili vinavyopanda na kushuka pamoja, hauvuki. Tuseme mvua inahusiana na unyevu wa udongo kwa 0.6, na unyevu huo na mavuno kwa 0.6: uwiano wa mvua na mavuno unaweza kushuka hadi −0.28. Mpaka wa chini ni zao la namba hizo mbili, r₁ na r₂, ukitoa kipeuo cha pili cha (1 − r₁²)(1 − r₂²): 0.36 toa 0.64. Zikiwa 0.8 na 0.8, mpaka unapanda hadi 0.28. Kanuni ya kukumbuka: jumla ya miraba ya r mbili chanya ikizidi 1, alama ya uwiano wa tatu ni ya uhakika. Isipozidi, pima mwenyewe.

Kwenye majaribio ya dawa, neno linarudi kwa maana yake ngumu kuliko zote. Tuseme jaribio la Newala limelinganisha dawa A na salfa, dawa ya kawaida ya ubwiriunga. La Nachingwea limelinganisha dawa B na salfa. Je, A ni bora kuliko B? Kihesabu unatoa tofauti moja kwenye nyingine, na makosa yanajumlishwa kwa miraba: kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) la 0.3 na la 0.4 vinatoa 0.5, kubwa kuliko yote mawili. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni kama salfa ya Newala ndiyo salfa ya Nachingwea. Kagua umri wa mikorosho, msimu, kiasi cha salfa kwa mti, idadi ya mizunguko ya kupulizia, na ukali wa ugonjwa kwenye miti isiyopuliziwa. Huku mti umepata gramu 250, kule 125, kiungo cha katikati kimekatika hata kama jina kwenye mfuko ni lile lile. Mambo hayo matano yakilingana, andika ulinganisho na useme wazi kwamba si wa moja kwa moja. Hata moja likitofautiana kiasi cha kubadili matokeo, weka A na B kwenye shamba moja, msimu mmoja, na salfa katikati yao.